Mwanafunzi Kama Msomaji wa Kwanza wa Insha Yake

Ufundishaji wa uandishi katika shule za sekondari za Afrika Mashariki umejengwa kwa muda mrefu juu ya mgawanyo wa kazi ambao hauhojiwi mara nyingi: mwanafunzi huandika, mwalimu husahihisha, na baraza la mitihani hutoa hukumu ya mwisho. Katika mgawanyo huo mwanafunzi hukabidhi daftari pindi anapotia nukta ya mwisho, na likirudi huitafuta alama iliyoandikwa kwa wino mwekundu kabla hajatazama jambo jingine lolote. Kujitathmini, yaani uwezo wa mwandishi kuisoma kazi yake mwenyewe kwa vigezo vinavyokubalika, kuona palipopungua na kuparekebisha, ni stadi inayosisitizwa na mitaala inayojali umahiri, lakini namna ya kuifundisha imeachiwa mwalimu, ambaye kwa kawaida naye hakufundishwa hivyo alipokuwa mwanafunzi. Uchambuzi huu unashughulikia swali hilo la namna, na msimamo wake ni kwamba kujitathmini hakufundishiki mahali ambapo hapana nafasi ya kuandika upya, na kwamba jicho la kuhukumu maandishi hukuzwa na kusoma kazi za wengine pamoja na mtu anayejua kuzisoma, zaidi ya kukuzwa na orodha yoyote ya kuhakiki.

Msingi wa kinadharia unaotumiwa sana uliwekwa na mtaalamu wa elimu wa Australia, D. Royce Sadler, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu upimaji endelevu, ambao ni upimaji unaofanywa wakati ujifunzaji ungali unaendelea ili kuuelekeza, tofauti na upimaji tamati unaofanywa mwishoni ili kuutolea hukumu. Sadler alitaja masharti matatu: mwanafunzi awe na picha ya kiwango kinacholengwa, aweze kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, na achukue hatua ya kupunguza pengo lililopo kati ya kazi na kiwango. Masharti hayo yanaonekana mepesi mpaka yanapopelekwa katika somo la insha, kwa sababu hapo sharti la kwanza tu ni mzigo. Katika hisabati jibu lina ufunguo. Katika insha kiwango hukaa kichwani mwa mwalimu mzoefu, aliyekipata kwa kusoma maelfu ya insha, na ambaye akiulizwa kwa nini insha hii ni ya alama 15 na ile ya 12 huweza kuhisi tofauti kwa yakini kubwa kuliko anavyoweza kuieleza. Mwanafunzi hajasoma maelfu ya insha. Amesoma zake chache, na pengine ya rafiki yake aliyemwazima daftari.

Inafaa kukumbuka kwamba utamaduni wa Kiswahili wenyewe una utanzu ambao kujihakiki kumefumwa ndani ya umbo lake. Mtunzi wa utenzi wa kimapokeo anajua kwamba kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, na kwamba kina cha mwisho kinapaswa kurudi ubeti baada ya ubeti, kwa hiyo sikio lake humwambia pale mshororo ulipopwaya kabla hajausomea mtu, na mwanafunzi anayejaribu kutunga tarbia, shairi la mishororo minne kwa kila ubeti, huweza kuhesabu kwa vidole na kugundua mwenyewe kwamba silabi moja imezidi. Vina na mizani, bila shaka, havihakikishi ushairi mzuri, na zipo beti nyingi zilizotimia hesabu zikakosa uhai. Hata hivyo anayejifunza utunzi ana kigezo mkononi tangu siku ya kwanza, hali anayejifunza insha huanza bila chochote isipokuwa maneno kama vile mtiririko, mshikamano na mvuto, ambayo yana maana kwa aliyekwisha kujua kuandika.

Ukosefu huo wa kigezo kinachoshikika ndio uliozaa mojawapo ya desturi zenye madhara makubwa katika ufundishaji wa insha, hasa nchini Kenya katika miongo ambayo mtihani wa darasa la nane, KCPE, ulikuwa mlango wa kuingilia sekondari, tangu mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wanafunzi walikaririshwa vifungu vya ufunguzi ambamo jua huchomoza, majogoo huwika na ndege hutumbuiza, hata insha ikiwa inahusu ajali ya barabarani, na wakafundishwa kupachika methali, tashbihi na tanakali za sauti kwa idadi. Desturi hiyo hudharauliwa kwa urahisi, lakini ina mantiki yake: mapambo yanahesabika, na mtoto anayeweza kuhesabu methali tano katika insha yake amepata kitu cha kujipimia. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kilichukua nafasi ya msomaji. Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza kama ametumia tamathali za kutosha hajiulizi kama mtu anayesoma ameelewa kilichotokea barabarani, na mazoea hayo hupanda naye mpaka chuo kikuu, ambako methali hubadilika kuwa madondoo ya wataalamu yaliyopachikwa kwa shabaha ileile.

Vigezo rasmi, kwa upande wake, vipo na si vibaya. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mtahiniwa huandika insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika 45, kila moja ikiwa na alama 20, na mwongozo wa kusahihisha huzigawa kazi katika ngazi nne, kuanzia D yenye alama 1 hadi 5, kupitia C na B, mpaka A yenye alama 16 hadi 20. Kila ngazi imeelezwa kwa maneno: katika ngazi ya chini kabisa msomaji hulazimika kukisia kilichokusudiwa, na kadiri ngazi zinavyopanda ndivyo mawazo yanavyotarajiwa kufuatana, msamiati kupanuka na makosa ya sarufi na hijai, yaani tahajia, kupungua. Jambo la kustaajabisha kidogo ni kwamba mwongozo huo, ambao ndio maelezo ya wazi zaidi ya kiwango yanayopatikana, huchukuliwa kuwa waraka wa watahini. Shule nyingi huutumia kusahihishia mitihani ya majaribio, na mwanafunzi huonana na ngazi hizo kwa namna ya herufi tu.

Nchini Tanzania hali inafanana, ingawa kuna hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na ndani ya taarifa hizo huwekwa picha za majibu halisi yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na dhaifu, pamoja na maelezo ya kwa nini moja lilipata alama nyingi na jingine likakosa. Taarifa hizo huandikwa zikiwalenga walimu na wasimamizi wa elimu, lakini kwa hakika ni kitabu cha kiada cha kujitathmini ambacho hakijapewa jina hilo. Mwalimu anayechukua majibu mawili kutoka katika taarifa ya somo la Kiswahili, akayanakili ubaoni bila maelezo ya baraza, kisha akalitaka darasa liamue lipi limepita jingine na kwa sababu gani, amelipatia darasa sharti la kwanza la Sadler bila gharama. Kulinganisha kazi mbili ni rahisi kuliko kuipa kazi moja alama. Mwanasaikolojia wa Marekani Louis Thurstone alijenga nadharia nzima ya upimaji juu ya hukumu za kulinganisha mwaka 1927, na mtu yeyote aliyewahi kupanga rundo la insha kwa ubora kabla ya kuzipa alama anajua kwamba macho hukubali upesi kusema hii imeizidi ile.

Hata hivyo kuna ushahidi unaopaswa kumtia tahadhari yeyote anayedhani kwamba kuwaonyesha wanafunzi kazi nzuri kunatosha. Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha mwaka 1999 kwamba watu wenye ujuzi mdogo katika jambo fulani hujikadiria juu sana, na mojawapo ya majaribio yao lilihusu sarufi ya Kiingereza. Katika awamu ya pili ya jaribio hilo washiriki walipewa karatasi za wenzao wazisahihishe, kisha wakaulizwa tena wanajiweka wapi. Waliokuwa juu waligundua kwamba wenzao hawakuwa wazuri kama walivyodhani, wakapandisha makadirio yao wenyewe na kuukaribia ukweli, ilhali waliokuwa chini walizipitia karatasi bora kuliko zao na hawakujifunza lolote kuhusu nafasi yao. Ujuzi unaohitajika kuandika sentensi sahihi ndio huohuo unaohitajika kuitambua sentensi isiyo sahihi. Wapo wanatakwimu waliodai kwamba sehemu ya matokeo hayo inatokana na namna ya kuyakokotoa, na hoja yao ina uzito, lakini walimu wa madarasa makubwa watalitambua jambo lenyewe: mwanafunzi aliye mkiani ndiye huinuka wa kwanza kukabidhi daftari. Jaribio jingine katika utafiti huohuo linatoa mwanga wa kutokea, kwa kuwa washiriki waliofunzwa kanuni za mantiki waliongeza uwezo wao na papo hapo wakaanza kuziona dosari za majibu yao ya awali. Maana yake kwa somo la uandishi ni kwamba kujitathmini si hatua inayokuja baada ya mafundisho kwisha, kwa kuwa kila kipengele cha uandishi kikifundishwa, jicho la kukiona kipengele hicho hufunguka pamoja nacho, na kisipofundishwa, hakuna fomu ya kujitathmini itakayolifungua.

Kiini cha suala zima kinaonekana wazi zaidi katika kuandika upya, na hapa ndipo utafiti wa Nancy Sommers wa mwaka 1980 ungali na manufaa. Sommers aliwalinganisha wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nchini Marekani na waandishi wazoefu 20, akiwataka wote waandike na kurekebisha kazi zao mara kadhaa. Aligundua kwamba kwa wanafunzi kurekebisha kulimaanisha kubadilisha maneno: neno lililorudiwa lilitafutiwa kisawe, sentensi ikasafishwa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekamilika. Waandishi wazoefu walirudi kwenye rasimu wakitafuta umbo la hoja, wakawa tayari kutupa aya nzima, kuhamisha mwisho ukawa mwanzo, na kumfikiria msomaji ambaye hajui wanachokijua wao.

Tofauti hiyo inaweza kuonwa kwa karibu katika aya ya kubuni, ya aina inayopatikana katika daftari lolote la Kidato cha Pili, mada ikiwa ni iwapo wanafunzi wa bweni waruhusiwe kuwa na simu:

Simu ni kitu muhimu sana katika maisha ya mwanafunzi. Simu zinasaidia sana katika masomo. Pia wazazi wanaweza kuwasiliana na watoto wao. Lakini simu zina madhara mengi. Kwa hiyo simu ziruhusiwe.

Mwanafunzi akiambiwa tu arekebishe, atageuza kitu muhimu sana kuwa chombo chenye umuhimu mkubwa mno, ataondoa neno simu mahali pamoja na kuweka rununu, na huenda akatia methali kabla ya kwa hiyo. Aya itakuwa imependeza zaidi na itabaki na kasoro yake yote, kwa kuwa sentensi ya nne na ya tano hazipatani: madhara ni mengi, kwa hiyo ziruhusiwe. Msomaji anayeuliza maswali mawili tu, zinasaidia nani katika nini, na madhara gani hutokea lini, humlazimisha mwandishi kurudi kwenye jambo lenyewe. Rasimu inayofuata maswali hayo inaweza kuwa hivi:

Mwanafunzi wa bweni ambaye mwalimu wake wa fizikia amehamishwa katikati ya muhula anaweza kuendelea na mada kwa kutumia simu, na hiyo ni faida ambayo kitabu kimoja kinachosomwa na wanafunzi watano hakiwezi kuitoa. Simu hiyohiyo ikiwashwa usiku huwanyima wenzake usingizi. Kwa kuwa madhara makubwa hutokea bwenini baada ya taa kuzimwa, simu ziruhusiwe mchana na zikabidhiwe kwa mlezi wa bweni kabla ya kengele ya kulala.

Kilichobadilika hapa kinazidi lugha. Msimamo wenyewe umebadilika, kwa sababu mwandishi alipolazimika kusema madhara yanatokea lini aligundua kwamba yana wakati wake, na ugunduzi huo ukampa hitimisho ambalo hakuwa nalo alipoanza. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Kanada, walizitofautisha namna hizi mbili za kuandika katika kitabu chao cha mwaka 1987: ya kwanza ni kumwaga ujuzi, ambapo mwandishi huandika kila linalomjia kuhusu mada mpaka linakwisha, na ya pili ni kuugeuza ujuzi, ambapo kuandika kwenyewe humbadilishia mwandishi anachokifikiri. Insha nyingi za shule ni za namna ya kwanza, wala haishangazi, kwani mtihani wa dakika 50 na ushee kwa insha moja humtuza anayemwaga upesi.

Watafiti haohao walifanya jaribio ambalo linafaa kuigwa karibu lilivyo. Waliwapa watoto wa shule kadi zenye hukumu fupi ambazo msomaji angeweza kuzitoa, na mtoto baada ya kila sentensi alipaswa kusimama, kuchagua kadi inayofaa, kueleza kwa nini ameichagua, kisha kuamua kama ataiacha sentensi, ataifuta au ataibadili. Ilionekana kwamba watoto waliweza kuchagua hukumu kwa usahihi wa kuridhisha, lakini walipungukiwa walipotakiwa kubainisha chanzo cha kasoro, na walipungukiwa zaidi walipotakiwa kuitengeneza. Kadi za namna hiyo zingeweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida cha darasani: msomaji hataamini hili, nimeshalisema hili, hapa nimetoka nje ya mada, hili linahitaji mfano, nimelisema vizuri, liachwe. Kadi ya mwisho ina umuhimu ambao ni rahisi kuupuuza, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea wino mwekundu huamini kwamba kujitathmini ni kujitafutia makosa, na asipojifunza kutambua sentensi yake iliyofaulu hatajua aifanyeje tena.

Kadi hizo zinatofautiana na orodha za kuhakiki zilizojaa katika vitabu vya kiada, ambazo humuuliza mwanafunzi kama ameandika utangulizi, kama hoja zake zimepangwa vizuri na kama amezingatia alama za uakifishaji. Mwanafunzi hutia vema katika kila kisanduku, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika insha huku akiamini kwamba hoja zake zimepangwa vibaya. Swali la ndiyo au hapana halimrudishi mtu kwenye karatasi. Agizo humrudisha: piga mstari chini ya sentensi inayobeba hoja ya aya hii, andika pembeni, kwa maneno yasiyozidi sita, kila aya inafanya kazi gani, ukikuta aya mbili zina maneno yaleyale pembeni, ziunganishe au ufute moja. Vivyo hivyo kwa ngazi zinazotumiwa katika mtaala wa umilisi wa Kenya, ambao hupima kazi kwa kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na kuwa mbali na matarajio: maneno hayo humfaa mzazi anayesoma ripoti, lakini mwanafunzi aliyeambiwa amekaribia bado hajui amebakisha nini.

Kutathminiana, yaani wanafunzi kusomeana kazi na kutoleana maoni, hutajwa karibu kila mahali pamoja na kujitathmini, na mara nyingi hutetewa kwa sababu isiyo na nguvu, kwamba mwandishi hupata maoni mengi zaidi. Maoni ya mwenzake wa dawati moja kwa kawaida ni haba, na pengine ni ya upole wa kulinda urafiki au ya kejeli. Sababu yenye nguvu iko upande wa anayetoa maoni. Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofanywa nchini Marekani kwa watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili, ambapo kundi moja lilijifunza kutoa maoni kwa kazi za wengine bila kupokea, na jingine lilijifunza kutumia maoni liliyopokea bila kutoa. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa waliokuwa katika kiwango cha chini. Matokeo haya hayapingani na yale ya Kruger na Dunning, kwa kuwa wanafunzi hawa walifunzwa cha kutazama kabla ya kupewa kazi za kutazama. Darasani jambo hili hutaka uangalifu wa aina nyingine pia. Kumkosoa mwenzako hadharani, tena mkubwa kwa umri, ni jambo ambalo malezi ya wengi yamelizuia, na mwalimu hupata matokeo bora akianza na insha za darasa la mwaka uliopita zisizo na majina, ambazo hazina mwenyewe wa kuona haya, kabla ya kuwageuzia wanafunzi kazi zao.

Suala la alama haliepukiki. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler, akifanya kazi na wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli, alilinganisha waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake na waliopewa vyote viwili, akaona kwamba wa kundi la kwanza ndio walioimarika na kubaki na hamu, na kwamba alama ilipoongezwa kwenye maoni faida ya maoni ilipotea. Kazi walizopewa hazikuwa insha, kwa hiyo si haki kulibeba jambo hilo zima zima mpaka katika somo la utungaji, lakini linaafikiana na tabia ya mwanafunzi iliyoelezwa mwanzoni, ya kuitafuta alama kwanza. Kwa shule za Tanzania ugumu una historia: Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikosoa mtindo wa kumpima mwanafunzi kwa mtihani mmoja wa mwisho, na tangu mwaka 1976 alama za maendeleo zikaanza kuhesabiwa katika matokeo ya mwisho, nia ikiwa ni kuithamini kazi ya kila siku. Nia hiyo ilikuwa njema, na matokeo yake yasiyokusudiwa ni kwamba kazi ya kila siku nayo ikageuka kuwa mtihani mdogo. Mwanafunzi anayejua kwamba kila rasimu inaingia katika hesabu hana sababu ya kukiri udhaifu wake, na akitakiwa kujipa alama ambazo zitahesabiwa atajipa nyingi, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kujitathmini hufaa pale tu kunapowekwa nje ya hesabu ya alama; kinachoweza kupewa alama ni marekebisho yaliyofuata.

Kuhusu makosa ya sarufi na tahajia mjadala ni wa zamani na hauhitaji kurefushwa hapa. John Truscott alidai mwaka 1996 kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wajifunzaji wa lugha ya pili hakuna faida na kuna hasara, Dana Ferris akampinga, na wengi wamesimama katikati, wakikubali kwamba kusahihisha kila kosa ni kupoteza wino na kwamba kuelekeza makosa machache yanayojirudia kuna maana. Mbinu inayolingana na msimamo huo ni daftari la makosa, ambamo kila mwanafunzi huandika kosa lake, umbo sahihi na alama ya kumkumbusha, kisha huisoma rasimu akitafuta makosa mawili au matatu yaliyo yake. Anayeandika mtu mwenye alikuja badala ya mtu aliyekuja, kosa la kawaida katika Kiswahili cha mijini Kenya, hutafuta kila mwenye. Anayechanganya l na r, au anayeandika zaifu badala ya dhaifu, huwinda herufi hizo tu. Mwandishi hawezi kutafuta kila kitu kwa wakati mmoja, na agizo la kupitia makosa yote kwa kawaida humaanisha kutopitia lolote.

Pingamizi kubwa dhidi ya yote haya ni muda na idadi ya wanafunzi, na ni pingamizi la haki. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 akitumia dakika kumi kwa kila insha atahitaji saa kumi kusahihisha zoezi moja, na kama ana madarasa manne hesabu inapita uwezo wa binadamu, ndiyo maana insha huandikwa chache kwa muhula na maoni yake huishia kwenye jitahidi au fanya bidii. Lakini hesabu hiyohiyo ni hoja ya upande wa pili: mfumo ambao msomaji ni mmoja tu hauwezi kuwapa wanafunzi mazoezi wanayoyahitaji, hata mwalimu huyo awe na bidii ya namna gani. Njia inayowezekana ni kupunguza mada na kuongeza rasimu, kwa maana ya mada mbili kwa muhula, kila moja ikiandikwa mara tatu. Rasimu ya kwanza isomwe na mwandishi kwa kadi, ya pili na mwenzake kwa maswali, na ya tatu tu ifike mezani kwa mwalimu pamoja na sentensi chache za mwandishi zikieleza alichobadilisha na kwa nini. Mwalimu akisoma sentensi hizo kwanza hujua aelekeze wapi kalamu yake. Karatasi nazo ni gharama, na kuandika kwa kuruka mstari, ili marekebisho yaingie juu ya maneno ya awali bila kunakili upya, huokoa kurasa nyingi kuliko inavyodhaniwa. Ubao pia hautumiwi vya kutosha: mwalimu anayeandika aya yake mwenyewe mbele ya darasa, akasita, akafuta na kusema kwa sauti kinachomkera, huonyesha jambo ambalo wanafunzi wengi hawajawahi kuliona, yaani mtu mzima anayejua kuandika akiwa hajaridhika na alichoandika.

Linabaki suala la lugha, ambalo nchini Tanzania lina uzito wa pekee, kwa kuwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili na akiingia Kidato cha Kwanza hutakiwa kuandika karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo ana uwezo wa kuhukumu ambao lugha ya insha humnyima: anaweza kusema kwa Kiswahili kwamba aya yake ya pili hairudi kwenye swali, lakini akitakiwa kuyasema hayo kwa Kiingereza hubaki na maneno ya tahajia na nyakati za vitenzi, kwa sababu ndiyo pekee aliyofundishwa kuyataja. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kutaka mazungumzo kuhusu rasimu ya Kiingereza yafanyike kwa Kiingereza. Kadi, maswali ya mwenzake na maelezo ya marekebisho vinaweza kuwa vya Kiswahili huku rasimu ikibaki katika lugha ya mtihani, na mwanafunzi akapata kutumia akili yake yote katika kuisoma kazi yake. Zipo shule ambazo kanuni zake humwadhibu anayezungumza Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, na katika shule hizo uamuzi wa kuanzisha kujitathmini utalazimika kupita kwanza katika ofisi ya mkuu wa shule kabla ya kufika darasani.